Mchicha unaozea ndani ya friji? Soma hapa kabla hujamlaumu muuza mboga

Watu wengi wakikuta mchicha umegeuka uteute siku mbili tu baada ya kununua wanasema wameuziwa mboga za jana. Inawezekana. Ila mara nyingi shida iko jikoni, na kwa sisi tunaoshinda na wakulima hii inauma, maana mkulima kavuna alfajiri kabla jua halijachoma, kafunika mzigo usinyauke, kakimbiza sokoni, alafu mboga inakuja kufia kwenye friji ya mteja.

Kwanza tuelewane, friji haiui vijidudu, inavichelewesha tu kuzaliana, tena inavichelewesha vizuri pale ambapo ndani kuna nyuzi 4 za sentigredi au chini yake, na friza iwe hasi 18. Zile namba kwenye swichi ya ndani, 1 mpaka 5 au 7, sio nyuzi joto, friji nyingi namba ikipanda ndo baridi inaongezeka. Ukitaka uhakika tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, weka shelfu ya katikati, soma asubuhi.

Sasa kuna hii tabia ya kuzima friji usiku eti kubana umeme wa LUKU. Jamani. Friji iliyofungwa inashika ubaridi kama masaa 4 hivi, usiku una masaa mangapi? Nyama na maziwa vinalala kwenye joto, asubuhi unawasha, mashine inahangaika kushusha joto upya, na unit ulizoziokoa unaanza kuzirudisha hapo hapo. Kama unataka kubana matumizi isogeze friji mbali kidogo na ukuta ipumue, futa vumbi nyuma, na kagua mpira wa mlango: funga mlango ukiwa umebana karatasi, ukiivuta ikateleza kirahisi ujue mpira umechoka na baridi inatoka. Barafu ikijaa kwenye friza, izime friji barafu iyeyuke yenyewe, usichokonoe na kisu, ukitoboa bomba la gesi umekwisha.

Tukirudi kwenye mboga. Mchicha, matembele, majani ya maboga, adui yao mkubwa ni maji yanayobaki kwenye majani. Usioshe kabla ya kuhifadhi, osha unapotaka kupika, na kama zimekuja na tope huwezi kuvumilia basi osha, zichuje mpaka zikauke kabisa, toa majani yaliyooza, zifunge kwenye kitambaa safi kikavu cha pamba, ziende kwenye ile droo ya chini. Kufunga kwenye mfuko na kukaza fundo ndo kunaleta jasho, na jasho ndo uozo. Kisamvu chenyewe mi nashauri kitwange, kichemshe vizuri, kipoze alafu gawa mafungu ya mlo mmoja mmoja uweke friza, kinakaa sana tu.

Na usichanganye mboga za majani na matunda yaliyoiva droo moja. Parachichi, papai, embe, ndizi vikiiva vinatoa gesi ya kuivisha, gesi hiyo hiyo inafanya mchicha uwe wa njano haraka na karoti ziwe chungu.

Vingine havitaki friji kabisa. Nyanya ambazo hazijaiva, embe bichi, parachichi gumu, ndizi, hivi baridi inaviumiza, haviivi vizuri tena na ladha inapotea, acha viive nje kwanza. Viazi vitamu vinakuwa na moyo mgumu hata upike vipi, viazi mviringo wanga wake unageuka sukari ndo maana chipsi zinatoka nyeusi, hivyo weka stoo penye giza na hewa, mbali na vitunguu.

Nyama, kuku na samaki vibichi viwe shelfu ya chini kabisa ndani ya bakuli lenye mfuniko, damu ikidondoka isidondokee kachumbari. Kuku, samaki na nyama ya kusaga usizidishe siku 2, nyama ya vipande inaweza kufika 3 mpaka 5, zaidi ya hapo friza. Ukitaka kuyeyusha hamishia kwenye friji tangu jana yake, sio kuanika juu ya sinki toka asubuhi. Na wapenzi wa vibua na jodari sikilizeni: samaki hawa wakikaa kwenye joto hutengeneza sumu ambayo kukaanga hakuiondoi, kwahiyo waingie kwenye baridi mara tu mnapofika nyumbani.

Wali nao una kasheshe yake, vijidudu vyake vingine vinastahimili kuchemshwa na sumu wanayoacha haiishi kwa kupasha. Chakula kilichopikwa kiingie friji ndani ya masaa 2, kwa joto la Dar la mwezi wa pili, likivuka nyuzi 32, fanya saa 1. Usiingize sufuria zima la maharage ya moto, katikati litachukua usiku mzima kupoa, gawa kwenye kontena fupi fupi. Kula ndani ya siku 3 au 4, na kupasha ni kuchemsha kweli, mara moja tu.

Umeme ukikatika usifungue fungue mlango kuchungulia. Friza iliyojaa inahimili kama masaa 48, iliyojaa nusu ni kama masaa 24. Ukisafiri, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, uache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu imezama chini, barafu iliyeyuka ikaganda tena, na nyama iliyokuwemo humo itupe yote, hata ionekane imeganda vizuri namna gani.