Jinsi kampuni ya kigeni ya teknolojia inavyosajiliwa kushughulikia data za watu Kenya

Kampuni ya huduma za mtandaoni inayoshughulikia data binafsi za watu walioko Kenya inabanwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, hata kama haina ofisi nchini, na tangu Julai 2022, kanuni za usajili zilipoanza kutumika, haina budi kujisajili kwa Kamishna wa Data.

Mwombaji aamue kwanza anaomba kwa nafasi gani. Anayeamua data zikusanywe kwa madhumuni gani na kwa njia ipi ni mdhibiti. Anayezishughulikia kwa niaba ya mwingine ni mchakataji. Mwenye kazi zote mbili husajiliwa kwa zote mbili. Msamaha wa kutojisajili wanaopewa wenye mapato ya mwaka yaliyo chini ya shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 hauzihusu huduma za simu, fedha, afya wala programu za kuitia teksi.

Ombi hujazwa kwenye tovuti ya Ofisi ya Kamishna. Mwombaji hueleza aina za data, madhumuni yake, makundi ya wahusika, hatari zinazoweza kutokea na kinga alizoweka. Maelezo haya yaandikwe na watu wanaoujua mfumo wenyewe, si wakili peke yake, kwa sababu kutoa taarifa za uongo kwa kujua ni kosa la jinai. Kampuni kubwa hulipa ada ya shilingi 40,000, na cheti hudumu miezi 24.

Cheti hicho, hata hivyo, hakihalalishi kila kitu. Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali uliokuwa ukipiga picha macho ya watu ili kuwatambua, ilikuwa imesajiliwa, lakini serikali ilisimamisha shughuli zake Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data za kibayometriki (za alama za mwili) ilizokusanya zifutwe, kwa kuwa tathmini ya athari za uchakataji huo kwa haki za watu haikufanywa ipasavyo na watu walishawishiwa kwa sarafu za kidijitali ili watoe ridhaa. Kwa hiyo, ambaye shughuli yake inaweza kuhatarisha sana haki za watu aandae tathmini hiyo mapema na kuiwasilisha siku 60 kabla ya kuanza kuchakata data. Anayezipeleka nje ya nchi awe na ushahidi wa kumwonyesha Kamishna kwamba huko ziendako zitalindwa.

Baada ya usajili, mabadiliko yoyote ya maelezo yaliyomo kwenye ombi huarifiwa Kamishna, na data zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, mdhibiti ana saa 72 za kumpa Kamishna taarifa.