Kinu cha upepo cha Uholanzi, usikiache kimesimama

Watu wanadhani kinu cha kale unakitunza kwa kukifungia, hapana jamani, kinatunzwa kwa kuzungushwa. Pale Kinderdijk, kijiji cha Uholanzi, viko 19, vingi vilijengwa 1738 na 1740, na bado vinazunguka. Kwanza angalia upepo unatoka wapi, geuza kichwa cha kinu kwa ule mkia wa nyuma mpaka mapanga yautazame, funga minyororo, tandaza matanga ya kitambaa juu ya mapanga ndo uachie breki taratibu. Meno ya mbao ya magurudumu ya ndani yapake nta ya nyuki, shingo ya ekseli ya mapanga, pale inapolalia, mafuta ya nguruwe, halafu tega sikio, ukisikia ka-ka-ka simamisha ukague kabla jino halijavunjika. Paa la matete nalo usisubiri livuje, maji yakishaingia kwenye mbao ndo basi tena.