Kabla hujaleta amplifaya kubwa nyumbani, kagua haya mwanzo

Mtu ana amplifaya yake ya wati 50 na spika zake nzuri tu, kila siku baada ya Isha anasikiliza taarab yake kwa raha zake, siku moja anakwenda kwa jamaa yake anakuta lidude la wati 300 zito kama gunia la mchele, lina mageji ya buluu yanacheza cheza, basi akirudi kwake halali tena. Kila akiwasha ile yake anaiona kama kibatari. Mie nishapitia huko, pesa nyengine zilitoka na moshi kabisa (ntakuja kukwambia), kwa hiyo kama unataka kuagiza Dubai au unamsubiri mtu mwenye kontena la mtumba, hebu ngoja kidogo tukague nyumba yako.

Cha mwanzo kabisa, unajua sasa hivi unatumia wati ngapi? Sio ilioandikwa kwenye boksi, hio unayotumia kweli. Watu wengi hawajui na kupima ni rahisi mno, unahitaji multimita (kipima umeme) ya kawaida tu, hizi za njano za bei rahisi zinatosha. Weka muziki wako, panda na volyumu mpaka pale unaposema hapa ndio mwisho wangu, zaidi ya hapo mke atakuja mlangoni. Usiiguse tena volyumu. Zima kila kitu, chomoa spika, halafu washa ucheze sauti moja iliyonyooka ya hezi 50 iliyorekodiwa desibeli 12 (desibeli ndio kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya kiwango cha juu, mafaili haya yamejaa mtandaoni. Weka multimita kwenye volti za AC, gusa pale zinapoingia waya za spika, soma. Hiyo namba zidisha kwa 4, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha gawa kwa omu za spika (ukinzani wake, umeandikwa nyuma ya spika, mara nyingi 8 au 4). (Kama yako ni ya taa za valvu usichomoe spika ukaiwasha, utaiua transfoma yake ya kutolea sauti.)

Mie nilipata volti 2.6. Mara 4 ni 10.4, mara yenyewe ni 108, gawa kwa 8, wati 13 na nusu! Na hapo nishanunua ya wati 200 iko sebuleni inanitazama.

Sasa usije ukafikiri wati nyingi ni ujinga tu, hapana, zina kazi yake. Muziki hauendi sawa sawa kama feni. Ukisikiliza taarab iliyorekodiwa vizuri, wastani wake unaweza kuwa wati moja tu, lakini pale ganuni inapokwatuliwa au ngoma inapopigwa ghafla sauti inaruka desibeli 15 juu, na desibeli 15 ni kama mara 30 ya nguvu, yaani ile wati moja kwa nukta ndogo sana inataka kuwa 30. Amplifaya ikikosa hio nguvu inakata vichwa vya mawimbi, sauti inakuwa kali inachoma masikio, na ukiendelea hivo hivo unaunguza twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Kwa hiyo akiba ni nzuri. Ila hesabu ya masikio ni bakhili: ukitoka wati 50 ukenda 100 umeongeza desibeli 3 tu, utasikia lakini hutoshtuka, na ukitaka ile sauti unayoiona wewe ni mara mbili basi unahitaji karibu mara kumi ya wati, yaani 500. Angalia bei ya 500 halafu urudi tuongee.

Ndio maana nasema kabla ya amplifaya geuza spika yako usome nyuma. Kuna namba ya desibeli kwa wati moja kwa mita moja, yaani spika inatoa sauti kiasi gani ukiipa wati moja tu. Spika ya 85 na spika ya 91 tofauti yake ni desibeli 6, sawa na kuzidisha amplifaya mara nne, bure! Kama zako ni 84, 85 na chumba kikubwa, hapo nakubali, unahitaji amplifaya kubwa. Na angalia omu, maana spika iliyoandikwa 8 inaweza kushuka mpaka 3 kwenye besi, na hapo ndio amplifaya dhaifu inapojulikana. Muuzaji muulize hivi: kwenye omu 8 inatoa ngapi na kwenye omu 4 ngapi? Ikiwa 100 inakuwa karibu 200, transfoma yake ina nguvu kweli. Ikiwa 100 inakuwa 115, mmmh. Na akikutajia wati kwa PMPO (namba ya kujisifia ya matangazo) funga mjadala, hizo ndio wati za sabufa zilizoandikwa elfu kumi na plagi yake nyembamba kama ya chaja.

Umeme sasa, na hapa ndipo nilipoungua. Kwetu Zanzibar ni volti 230, hezi 50. Japani ni volti 100, Marekani 120, na vitu vingi vizuri vya zamani vinatoka Japani humo humo na magari. Mie nilinunua duka moja la mtumba, muuzaji kaniapia kuwa imeshabadilishwa, kaweka mpaka plagi ya pini tatu, nikaamini plagi! Nimechomeka, pwaa, moshi mweupe na harufu ya samaki aliyeungua. Plagi sio ushahidi jamani. Soma kibati cha nyuma kimeandika volti ngapi, na kama kimeandika 100 utahitaji transfoma ya kushusha, na hio transfoma iwe kubwa kuliko ulaji wa amplifaya, sio sawa nao. Kama ni ya Marekani angalia na hezi, ikiwa imeandikwa 60 peke yake transfoma yake itapata joto kwenye 50 yetu.

Halafu mita. Amplifaya zina klasi, yaani namna zinavotumia umeme ndani. Za klasi A zina sauti tamu sana sikatai, lakini zinakula muda wote hata ukiwa kimya unasoma gazeti. Ikila wati 300, masaa manne kila usiku ni yuniti 1.2, kwa mwezi yuniti 36, nenda kaulize Tukuza yako, ile mita ya umeme wa kununua kabla, inasemaje. Na ule umeme wote unatoka kama joto, sasa wewe uko Unguja, kaskazi imesimama, feni inazungusha hewa ya moto, unaweka jiko jengine sebuleni. Klasi AB ina nafuu, klasi D ndio hazili kitu na ni nyepesi, na za sasa zimekuwa nzuri wala usidanganywe na wazee wa maskani.

Umeme wetu unakatika na kurudi, tunajua. Walioishi mwaka 2008 wanakumbuka mwezi mzima bila umeme, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka bara umegoma. Sasa hivi ni afadhali mno, waya mpya wa megawati 100 uliletwa 2013, lakini ule mrudi wa ghafla bado upo, na huo ndio unaoua vitu. Ukikatika chomoa, au tumia kile kifaa cha kulinda friji kinachochelewesha dakika chache, ila hakikisha kinabeba mzigo wako. Kama unategemea inveta, ile ya mawimbi ya ngazi ngazi itafanya transfoma iungurume kama nyuki, tafuta ya mawimbi kamili.

Muite fundi umeme aangalie soketi pia. Soketi ya 13A inafika karibu wati 3,000 kwa hesabu, lakini kwenye nyumba zetu hio moja inalisha friji, tivii, pasi na ekstensheni mbili za soko la Darajani zenye waya kama uzi. Amplifaya yenye transfoma kubwa ya duara ikiwashwa inavuta mkupuo mmoja mkubwa, breka inaanguka, na sio kuwa imeharibika. Na akupimie ethi. Ardhi ya mawe na mchanga inashika ethi kwa tabu, fimbo imepigwa lakini haifanyi kitu. Ukisikia mngurumo kwenye spika usije ukakata pini ya ethi kama wanavoshauri wengine, ile ndio inayokuokoa roho siku waya wa ndani ukigusa boksi la chuma la amplifaya.

Chumba. Nyumba za Mji Mkongwe vyumba ni virefu vyembamba kwa sababu upana ulifuata urefu wa boriti za mikoko, na kuta ni mawe na chokaa. Chumba cha upana wa mita 3 kinavuma chenyewe karibu na hezi 57, yaani besi inajazana pale pale, sasa ukiongeza wati umeongeza mvumo. Kwangu mie kilichobadilisha sauti ni busati zito, mapazia na kabati la vitabu, na kuzisogeza spika kutoka kwenye ukuta. Nimeudhika kidogo kwa kweli.

Waya za spika usitie akili sana, shaba ya milimita mraba 2.5 ya duka la vifaa vya ujenzi inatosha, ila ikwangue kwa kisu, ukiona ndani nyeupe hiyo ni aluminiamu imepakwa shaba. Ncha zisafishe kila baada ya miezi, hewa ya chumvi inazigeuza kijani. Na mjusi kafiri! Anapenda joto, anaingia kwenye matundu ya juu, anakufa yeye na bodi ya amplifaya pamoja. Iweke juu ya meza, matundu usiyazibe, na iwashe hata mara moja kwa wiki ukauke unyevu.

Kama unakaa ghorofani Michenzani au kwenye zile ngazi za Mji Mkongwe za kupanda kama mnazi, pima uzito kabla, tafuta vijana wawili, na jirani wa chini mpe salamu mapema.

Siku ya kuwasha usiunge spika zako mara moja. Washa ikae robo saa, weka multimita kwenye volti za DC, gusa matundu ya spika: chini ya milivolti 50 ni salama, ikisoma volti nzima mrudishie mwenyewe. Kisha unga spika za zamani usizozionea uchungu, volyumu chini kabisa. Kuwasha, amplifaya iwe ya mwisho. Kuzima iwe ya mwanzo, na ngoja hata dakika tano ndio uguse nyaya, kapasita zake (vile vikopo vinavyohifadhi umeme) bado zina umeme ndani.