Fidla na kinanda cha kanisani: njia ya kuvimudu vyote viwili hadi kulipwa

Mwaka 1714 Johann Sebastian Bach, ambaye tayari alikuwa mpiga kinanda wa watawala wa Weimar, Ujerumani, aliongezewa kazi ya kuongoza okestra yao. Alikuwa pia mpiga fidla hodari. Kazi hizi mbili zimekaa pamoja tangu zamani, na kijana wa leo anaweza kuzishika zote akizipanga vizuri.

Anza na fidla. Kwenye fidla sauti huitafuta mwenyewe kwa kidole, kwa hiyo sikio na mkono wa upinde huhitaji miaka mingi. Wakati huohuo jifunze kibodi ya kawaida. Kinanda cha mabomba, yaani kile cha kanisani, kisubiri mpaka usome nota kwa mikono miwili bila kusita, na miguu ifikie pedali (vibonye vya miguuni) ukiwa umekaa wima.

Ukiwa na saa mbili kwa siku, fidla itangulie sikio likiwa bado halijachoka: dakika 15 za upinde mrefu kwenye nyuzi tupu (bila kubonyeza kidole), 15 za skeli (ngazi za nota), kisha 30 za vipande. Pumzisha shingo na bega dakika kumi, ndipo ukae kwenye kinanda.

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu mazoea ya chombo kimoja huharibu kingine. Mpiga fidla hukandamiza vibonye akitaka sauti kubwa. Haisaidii, ukubwa wa sauti hutoka kwenye stopu (vitufe vinavyochagua mabomba yatakayolia) na sanduku la kufungua na kufunga sauti. Kinachokupa uhai kwenye kinanda ni wakati wa kuachia kibonye, kwa hiyo fanyia mazoezi kuachia kama unavyofanyia kubonyeza. Mpiga kinanda akishika fidla naye hupiga nota zisizo na uhai, kila moja nzito sawa mwanzo hadi mwisho. Dawa yake ni kuanza nota kwa upinde mwepesi, kuikuza, kisha kuipunguza.

Wimbo wa kusanyiko ndio mkate wako, basi ufanyie kazi hivi. Mkono wa kulia uchukue soprano na alto, wa kushoto tenor, miguu ichukue besi. Piga miguu peke yake, halafu miguu na mkono wa kushoto, halafu miguu na wa kulia. Vyote vitatu viwe vya mwisho. Kosa la kawaida ni mkono wa kushoto kuifuata besi na kuiacha tenor, ndiyo maana jozi ya kushoto na miguu ipewe muda mwingi kuliko zote. Vaa viatu vyenye soli nyembamba na kisigino; raba hunata kwenye pedali. Usiangalie miguu. Mwisho wa kila ubeti acha kimya cha hesabu ileile, watu wavute pumzi.

Kwaya zetu nyingi husoma solfa (doh, re, mi). Kariri wimbo mmoja kila wiki na uupige doh ikiwa F, kesho G, keshokutwa D. Mwalimu wa kwaya akishusha ufunguo dakika ya mwisho, utakuwa umeshajiandaa.

Kwa vyeti, madaraja ya ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki, yapo kwa fidla na kwa kinanda pia. Daraja la 6 na kuendelea hudai kwanza ufaulu nadharia ya daraja la 5 au mbadala unaokubalika, kwa hiyo usiiache nadharia nyuma.

Ukialikwa kupiga fidla pamoja na kinanda cha mabomba, tuseme kwenye arusi, chukua nota A ya kukazia nyuzi kutoka kwenye kinanda, kamwe si kwenye simu. Hewa ikipata joto sauti ya mabomba hupanda: nyuzi joto 10 zaidi huweza kuipeleka A ya hezi 440 hadi karibu 447. Kaza nyuzi za fidla kanisa likishajaa watu. Beba uzi wa E wa akiba, maana ndio unaokatika haraka, na ulegeze upinde kila umalizapo. Malipo ya mazoezi na nauli yasemwe kabla ya siku ya arusi, kwa maandishi.