Jinsi ya kulitumia neno "miss" bila kulichanganya na "kukosa"

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniandikia hivi: "I missed money, so I missed the exam." Alitaka kusema alikosa pesa, kwa hiyo akakosa mtihani. Nusu ya pili iko sawa kabisa. Ya kwanza inasema alizikumbuka pesa kwa hamu, kama mtu anavyomkumbuka mama yake aliye mbali. Sikumlaumu. Kwetu kukosa ni kukosa tu; Kiingereza kimeligawa neno hilo vipande vipande.

Basi, kabla hujaandika "miss", jiulize: kitu kilikuwepo kikanipita, au hakikuwepo kabisa? Basi limekuacha, mpira haukuingia golini, kazini hukwenda: hapo "miss" inafaa. Kama hakikuwepo, iache. Nimekosa pesa ni "I have no money". Nimekosa kazi ni "I couldn't find a job". Ukisema "I missed work", mwajiri ataelewa kwamba siku hiyo hukutokea. Na ile nimekukosea ya kuomba radhi haihusiani na "miss" hata kidogo. Sema "I wronged you", au "I'm sorry" tu.

Panapowasumbua wengi zaidi ni kwenye "nearly" na "just". Huwa nachora ubaoni mlango wa basi na mguu wa abiria. Mguu umeshaingia, mlango unamgusa kisigino: "I nearly missed the bus", yaani nusura limwache, lakini amelipata. Mguu bado uko chini, mlango umejifunga mbele ya pua yake: "I just missed the bus", limemwacha sasa hivi. Nawaomba waichore na wao daftarini, kwa sababu maelezo husahaulika haraka kuliko kile kisigino.

Maana ya moyoni mnaijua: "I miss you", nina hamu nawe. Angalieni wakati tu. "I missed you yesterday" inaweza kuwa nilitamani uwepo, au nilikuja sikukukuta; ongeza maneno ili msomaji asibahatishe, kwa mfano "I came to your office but missed you". Na kitendo kikifuata, kivishe -ing: "I miss teaching". "I miss to teach" si sahihi.

Ukielekezwa njia ukaambiwa "You can't miss it", hujakatazwa kitu: unaambiwa hutapita bila kupaona. "Missing" nayo ni ya kitu kilichopaswa kuwepo lakini hakipo, kama ukurasa ulionyofoka kitabuni: "A page is missing."

"Miss" ya mbele ya jina la mwanamke ni neno jingine kabisa, lililofupishwa kutoka "mistress". Limefanana na hili kwa sura tu, na daima huanza kwa herufi kubwa.