Kupima myeyuko na mwendo wa barafuto kwa vigingi

Barafuto, yaani rundo kubwa la barafu linaloteremka polepole, huzaliwa pale theluji inapobaki mwaka hadi mwaka bila kuyeyuka yote. Ya juu huikandamiza ya chini. Ikifika kilo 830 hivi kwa mita ya ujazo, mianya ya hewa huziba, na hiyo sasa ni barafu. Rundo likinenepa mita 30 na zaidi, huanza kuteremka kwa uzito wake lenyewe.

Ili kujua inapungua kiasi gani, chomeka vigingi vya alumini au plastiki kwa keekee ya mvuke, inayotoboa kwa kuyeyusha barafu. Kina cha tundu kizidi myeyuko unaoutarajia: panapoyeyuka mita 4 kwa mwaka, toboa 6. Ziba kitako cha bomba la alumini kwa kipande cha mbao, la sivyo litazama polepole na kukuonyesha myeyuko mdogo kuliko uliopo. Panga mstari mmoja katikati, kutoka chini kwenda juu, na mwingine wa kukata upana, kwa sababu katikati huenda kasi kuliko kandokando.

Mwisho wa msimu wa kuyeyuka, pima urefu uliojitokeza. Uso wa barafu una mabonde, kwa hiyo laza ubao kando ya kigingi na upimie hapo. Kikiwa kilijitokeza mita 0.80 na sasa ni 2.30, imepotea mita 1.50 ya barafu. Zidisha kwa 0.9, maana barafu ni nyepesi kuliko maji, upate mita 1.35 za maji.

Sehemu ya juu, theluji inakobaki, chimba shimo hadi tabaka chafu la kiangazi kilichopita, kisha pima uzito wa theluji kwa mrija wa ujazo unaojulikana. Mita 2.4 zenye kilo 500 kwa mita ya ujazo ni mita 1.2 za maji. Usikadirie uzito kwa macho. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Na nyufa hufunikwa na theluji: fungamaneni kwa kamba, mtu asiende peke yake.

Kwa mwendo, tumia vipokezi viwili vya GPS, kimoja kwenye kigingi na kingine juu ya mwamba usiosonga. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na barafuto iliyoganda kwenye mwamba wake huenda isifikishe hata hizo kwa mwaka. Ile inayoteleza juu ya maji ya chini yake huenda mbali zaidi. Jakobshavn ya Greenland ilipita mita 40 kwa siku kiangazi cha 2012. Huko tumia picha za setilaiti. Tena, barafuto inayoishia baharini hupoteza vipande vinavyomeguka mbele, na hasara hiyo vigingi haviioni: ihesabu peke yake.