Jinsi ya kuwa Mkristo wakati tayari ni msharika

Umebatizwa, umepata kipaimara, bahasha yako ya ahadi ina namba, na ukifiwa mchungaji atafika. Vyote hivyo vina kazi yake. Rejista ya usharika inaonyesha nani atembelewe akiugua. Imani haina safu humo. Simoni wa Samaria (Matendo 8) alibatizwa, halafu akatoa fedha ili auziwe uwezo wa Roho Mtakatifu. Petro hakumrudisha majini, alimwambia atubu.

Anza kwa kumjua huyo unayesema unamwamini. Soma Injili ya Marko, sura moja kwa siku. Zipo 16, kwa hiyo ni wiki mbili na siku mbili. Ukifika 8:29, Yesu anapowauliza wanafunzi wake kama wao wenyewe husema yeye ni nani, funga kitabu ujibu mwenyewe. Likitoka jibu la kukariri la darasa la kipaimara, mwambie Mungu hivyo hivyo. Ni mwanzo mzuri kuliko kujifanya.

Kisha toba, na hapa ndipo wengi hukwama. “Nisamehe yote, ninayoyajua na nisiyoyajua” ni sala halali, ila ni rahisi kujificha ndani yake. Chukua karatasi uandike: nani nimemdhulumu, nini nakificha, nani sijamsamehe. Taja kila jambo kwa jina lake: wizi uite wizi, usiuite “mapungufu”. Ukimaliza, ichane. Machozi si kipimo. Mtu hulia pia kwa sababu amekamatwa.

Imani ni kumtegemea Kristo aliyekufa na kufufuka, kama Warumi 10:9 inavyoeleza, na kumkiri kuwa Bwana, yaani mwenye neno la mwisho juu ya fedha, kitanda na ulimi wako. Usingoje utengenezeke kwanza. Yesu aliingia kwa Zakayo, mtoza ushuru (Luka 19), kabla mtu huyo hajarudisha hata senti.

Lakini Zakayo aliahidi kurudisha. Torati (Hesabu 5:7) ilidai kilichodhulumiwa pamoja na sehemu ya tano juu yake. Yeye aliahidi mara nne. Tuseme uliuza mahindi kwa debe lililobonyezwa kitako, ukampunja jirani ya shilingi 10,000. Mpelekee 12,000 mkononi, umwambie: “Lile debe halikuwa kamili, nilijua. Naomba unisamehe.” Usiongeze “kama nilikukosea”, maana hilo “kama” linaifuta toba yote. Debe lenyewe litoe dukani siku hiyo hiyo. Watu wa uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 hadi Kenya na Tanganyika walijulikana kwa kurudisha vitu namna hii, na wengi wao walikuwa waumini waliobatizwa zamani.

Angalizo: ungama kwa uliyemkosea, si kwa kipaza sauti. Ushuhuda unaotaja dhambi ya mwenzako ni umbeya uliovaa kanzu. Jambo zito, kama uzinzi au kosa la jinai, mwone kwanza mchungaji au padre mwenye kifua.

Kama hujabatizwa, omba mafundisho. Kama ulibatizwa utotoni, Wakatoliki, Walutheri na Waanglikana hawarudii. Wapentekoste na Wabaptisti watataka uzamishwe ukiwa umeamini. Usianzie kwenye ugomvi huo. Wala usihame kanisa kwa haraka: tafuta watu wawili watatu wa jumuiya wanaoweza kukuuliza kuhusu lile debe.

Kosa jingine ni kwenda mbele kila mkutano wa injili kurudia sala ya toba, kana kwamba ile ya kwanza iliisha muda. Ukianguka, 1 Yohana 1:9 inakutosha: ungama siku ile ile, rekebisha ulichoharibu, usingoje Jumapili.